Gari la Wolfgang Haliuzwi

Siku Wolfgang Margwe alipokata roho, gari lake lilikuwa limeegeshwa vizuri.

Ilikuwa mwezi Machi mwaka 2019, asubuhi ya gulio, kwenye barabara ya vumbi inayoshuka kutoka Gitting, wilayani Hanang. Nyuma kulikuwa na magunia ya viazi, na abiria wachache waliobanana nayo. Land Cruiser la mkonga, lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo, likapunguza mwendo, likatoka barabarani taratibu, likasimama juu ya majani. Wolfgang akavuta breki ya mkono. Akazima. Akachomoa ufunguo na kumpa mama mmoja aliyekaa kando yake.

"Shika hii, mama," alisema. "Nipumzike kidogo."

Akalaza kichwa kwenye usukani. Hakukiinua tena. Moyo, walisema madaktari baadaye. Miongoni mwa abiria hakuna aliyepata hata mchubuko.

Ufunguo ulifika nyumbani kwake Haydom kabla ya mwili. Ulikuja kwa bodaboda, umefungwa ndani ya kitambaa, ukawekwa mkononi mwa mke wake, Efrazia, aliyekuwa anapepeta maharage uani. Kijana aliyeuleta alirudi nyuma hatua moja.

Efrazia akautazama ufunguo, akamtazama na yule kijana.

"Na mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

*

Leo, miaka kadhaa baadaye, asubuhi ina baridi ya Haydom inayowafanya watu waongee wakiwa wamekunja mikono kwapani. Katika uwanja uliozungushiwa bati, hatua chache kutoka barabara ya hospitali, Efrazia anazunguka Hilux ya kijivu akiwa amevaa buti za mpira, kitenge na koti la kiume. Anapiga teke tairi moja baada ya jingine, anainama kutazama chini, anafungua boneti. Ana umri wa miaka arobaini na nne. Anamiliki magari matatu na kusimamia mengine matatu ya watu, na yote hukodishwa.

Mteja wa kwanza anaingia. Ni kijana aitwaye Nikolausi, amevaa sweta, simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaenda kwa nani?"

"Naenda Hanang, mama. Nataka ile Noah."

"Sijauliza wapi. Nimeuliza kwa nani."

Nikolausi anacheka, anakuna kichwa. "Kwa mjomba wangu, mzee Rogathe. Kule juu ya Gitting. Bibi ametoka wodini leo, mgongo wake hauwezi basi."

"Rogathe wa ng'ombe au Rogathe wa mashine?"

"Wa mashine ya kusaga."

"Basi Noah itoe moyoni. Kabla ya mashine kuna korongo. Chukua Hilux."

"Mama, Hilux ni bei!"

"Kuvutwa na ng'ombe nako ni bei. Na huyo Rogathe wa ng'ombe akikuvuta, mwaka mzima atakuwa anasimulia kilabuni."

Efrazia anaingia ndani na kutoka na godoro dogo lililofunikwa shuka safi, analitandika kiti cha nyuma na kulibonyeza kwa kiganja mara mbili, kama anayetandika kitanda cha mtoto.

"Hili halilipiwi," anasema. "Mwambie bibi alale upande wa kushoto. Barabara ikianza kupanda, upande wa kulia unarusha."

Kila anayekuja kukodi gari huulizwa swali hilohilo. Kwa Efrazia, jina la mahali peke yake halitoshi.

"Ukiniambia mahali, nitajua kilomita," anasema. "Ukiniambia mtu, nitajua njia. Huku kwetu kila boma lina njia yake, na kila njia ina shimo lake."

*

Kukodisha magari lilikuwa wazo la Wolfgang. Kwa miaka mingi aliendesha magari ya watu wengine, kisha akanunua Land Cruiser kuukuu lililokuwa limelala kwenye gereji moja ya Babati, akalifufua mwenyewe pole pole, leo spea hii, mwezi ujao ile. Mlangoni lilikuwa na mkwaruzo mrefu ambao hakuupiga rangi kamwe. Alisema ni kitambulisho.

Wenzake walibeba abiria na mizigo ya magulio. Yeye alibeba pia, kwa kuwa watoto walipaswa kula, lakini hakupenda.

"Alikuwa akiniambia, 'Abiria ananilipa leo, kesho anapanda kwa mwingine bila hata kuniaga. Lakini mtu akikodi gari kwa ajili ya jambo lake, lile jambo likienda vizuri, anakukumbuka maisha,'" anasimulia Efrazia. "Alisema baada ya mavuno tungeacha kubeba viazi. Tungeandika ubao, tuweke gari uani, watu watufuate."

Mavuno yalikuja bila yeye, na ubao ulikuwa haujaandikwa.

Kwa Wairaqw, ambao ndio watu wa Efrazia, tangu zamani nyumba iliyofikwa na kifo hukaa kando kwa muda. Watu huja kuzika, hulia, hupika. Lakini baada ya hapo vitu vya nyumba ile haviazimwi, wala wenye nyumba hawaendi kuazima. Jembe linakaa, chungu kinakaa, hadi wazee waseme yatosha. Siku hizi makanisa yamejaa, na wengi watakuambia hayo yalikuwa ya mababu.

"Wanasema hivyo," anasema Efrazia. "Lakini fikiria mwenyewe. Kukodi ni nini? Ni kuazima kwa kulipa. Na hili halikuwa jembe. Mtu alikuwa amefia humo ndani."

Hakuna aliyemtamkia. Watu wa Haydom wana adabu. Walimwambia wameshapata gari lingine. Walimwambia safari imesogezwa. Mtu mwenye magunia kumi ya mahindi ya kusafirisha alimwambia, akitazama pembeni, "Gari lako kubwa mno, Mama Imma."

Efrazia aliliosha hadi likang'aa. Alibadilisha vitambaa vya viti. Alimwita padri, naye akaja bila kinyongo, akasali sala ndefu na kulinyunyizia maji ya baraka kuanzia taa za mbele hadi tairi la akiba.

"Nikamwambia, Baba, ngoja nimwite dereva akurudishe parokiani," anakumbuka, na hapa anacheka hadi machozi yanamtoka. "Akasema asante, leo ninapenda kutembea. Akaondoka kwa miguu, na mvua inakuja!"

*

Kaka mkubwa wa marehemu, Akonaay, si mtu mbaya. Ni yeye aliyelima shamba la Efrazia mwaka ule, na ni yeye aliyempeleka Imakulata, yaani Imma, binti mkubwa wa mdogo wake, shuleni muhula ulipofunguliwa. Lakini gari lililosimama lilimuuma macho. Alikuwa amepata mnunuzi wa Babati.

Kikao cha ukoo kilikaa nyumbani kwake, juu ya kilima.

"Shemeji," alisema mbele ya wote, "gari lisilo na dereva ni banda la kuku."

Watu wakacheka. Efrazia naye akatazama chini, maana asubuhi ileile alikuwa ameokota mayai matatu kwenye kiti cha nyuma.

Uamuzi ukatolewa bila kelele. Angepewa muda hadi mahindi yavunwe. Kama gari lingekuwa halijafanya kazi ya maana, lingeuzwa, na kwa bei yake wangenunuliwa ng'ombe kwa ajili ya watoto.

"Ng'ombe ni mali, sikatai. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa maziwa," anasema. "Lakini ng'ombe wangekuwa wa ukoo. Gari ndilo lilikuwa la Wolfgang. Kila alichofikiri kuhusu maisha yetu ya mbele kilikuwa mle. Likienda Babati na mtu nisiyemjua, mimi nabaki na nini cha huyu mtu? Picha?"

Wiki zikapita. Mahindi yakaanza kubeba.

Kisha simu ikaita kutoka upande wa Katesh. Familia moja iliyokaa chini ya mlima Hanang ilikuwa inamwoza binti yao, ikahitaji gari kubwa la kumpeleka bibi harusi kanisani, kwa kuwa njia ilikuwa mbaya. Walipata namba kwa mtu, aliyeipata kwa mtu. Hawakuijua nyumba ya Margwe wala msiba wake. Efrazia akakubali kabla hawajamaliza kueleza. Kuhusu gari lilikotoka, hakusema kitu.

Michael, fundi wa magari aliyekuwa rafiki wa Wolfgang, akakubali kuendesha. Wakafunga utepe mweupe na maua ya waridi kutoka kwenye boneti hadi kwenye mkonga.

Walifika wakapokewa kwa vigelegele. Bibi harusi, Oliva, akatoka ndani ameshika gauni lisiburuze. Alikuwa amebakiza hatua moja aweke mguu kwenye ngazi ya gari, pale shangazi yake alipomdaka mkono.

"Hili gari nalijua," alisema shangazi, mama wa makamo aitwaye Marieta.

"Shangazi, Land Cruiser yako mengi!"

"Yako mengi, ila lenye huo mkwaruzo ni moja. Mimi natoka Gitting. Siku dereva wake alipofia usukani, nilikuwepo." Akainama, akachungulia dirishani. "Na huyu mama aliyekaa mbele ni nani?"

Vigelegele vilikuwa vimekatika. Efrazia akashusha kioo.

"Shikamoo, shangazi. Mimi ni mke wake."

Marieta akapitisha mkono dirishani, akashika mkono wa Efrazia kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mwanangu. Pole sana," alisema, na Efrazia anashuhudia kwamba pole ile ilitoka ndani. "Lakini mtoto wangu humu hapandi."

Basi Oliva alikwenda kanisani kwa trekta la mjomba wake. Walipandisha sofa la sebuleni juu ya tela, wakamketisha katikati, mmoja akamshikia mwavuli. Picha za harusi ile zinasifiwa hadi leo. Efrazia mwenyewe ameziona na anakiri kuwa ni nzuri.

Siku ile, lakini, alirudisha malipo ya watu na kuondoka na maua yake.

"Mama Imma, nisimame niyatoe?" Michael aliuliza baada ya mwendo mrefu.

"Acha," akasema. "Upepo utayatoa."

*

Upepo ulikuwa haujayatoa walipofika tambarare za Gehandu, ambako mtu mrefu aliyejifunga shuka, fimbo begani, alisimama katikati ya barabara na kukataa kuondoka. Michael akafunga breki.

Mtu yule ni Nicodemo, mfugaji wa Kibarbaig. Alilizunguka gari akitazama maua.

"Mnaoa?" akauliza.

"Tumekataliwa," akajibu Michael.

"Nani kati yenu?"

"Gari."

Nicodemo alicheka hadi akaegemea fimbo. Alipotulia, akaeleza shida yake. Baba yake, mzee aliyeheshimiwa na Wabarbaig wa pande zote, alikuwa amefariki, na ukoo ulikuwa umemkubalia mazishi makubwa ambayo wazee wachache hupewa. Mazishi ya namna hiyo huchukua miezi. Kaburi hujengwa na kuinuliwa, pombe ya asali huandaliwa, ndugu hufika kutoka mbali, na hitimisho lake hukusanya umati. Alihitaji gari la kuleta asali, na zaidi ya hapo la kuleta bibi na mama wa ukoo ambao miguu yao haikuweza tena tambarare. Si kwa siku moja. Kwa wiki nyingi.

Michael alimkanyaga Efrazia mguu, kumwambia anyamaze na akubali.

Efrazia akafungua mlango, akashuka, akasimama mbele ya Nicodemo.

"Ngoja kwanza nikuambie. Mume wangu alifia humu. Pale, kiti cha huyu anayeendesha. Msiba wetu haujaisha. Kama kwenu haifai, sema sasa hivi, nisije nikashushiwa watu njiani."

"Lilipinduka?"

"Hapana."

"Liligonga?"

"Halikugonga. Alilitoa barabarani akalisimamisha. Akavuta breki, akampa mtu ufunguo, ndipo akafa."

"Na watu waliokuwemo?"

"Wote wazima."

Nicodemo akarudi mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti lililokuwa bado la moto, akakiacha hapo.

"Dereva aliyewaweka watu salama kwanza, ndipo akafa," alisema, "gari lake ndilo nataka mama yangu apande."

Kisha akaongeza, "Na hayo maua?"

"Tunayatoa, kaka, samahani."

"Nani amesema yatoke? Yaacheni. Baba alipenda mambo makubwa."

*

Ndivyo Land Cruiser la Wolfgang lilivyoingia kwenye msiba wa watu wengine likiwa limepambwa kama la harusi, na likapokewa kwa nyimbo.

Kazi ilikuwa nyingi kuliko walivyofikiri. Baada ya siku kadhaa Michael ilimbidi arudi kwenye gereji yake, ambako wateja walikuwa wanampigia simu za matusi. Efrazia hakuwa na uwezo wa kuajiri dereva mwingine. Hivyo jioni, kazi zilipopungua, Michael alimketisha kwenye usukani katikati ya mbuga isiyo na mti wala ukuta, akamfundisha klachi na gia.

Bibi wa Kibarbaig hawakutaka kupitwa. Walipanda nyuma, shanga na bangili zikilia, na kila mmoja akawa mwalimu.

"Kata huku! Kuna shimo!" alipaza sauti mama yake Nicodemo.

"Mama, nimeliona!"

"Umeliona, lakini unalifuata!"

Gari likazima. Bibi wakacheka. Likawashwa, likaruka kama ndama aliyefunguliwa, likazima tena.

"Usilionyeshe woga," alishauri bibi mwingine. "Hata ng'ombe akijua unaogopa hakupi njia."

"Bibi, hili halina masikio."

"Basi wewe unayo. Sikiliza linavyolia. Linataka ile nyingine!"

"Gia nyingine?"

"Mimi nitajuaje jina lake?"

Efrazia anasema hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu Machi. Alicheka akiwa ameketi kwenye kiti kilekile, mikono kwenye usukani uleule, na alipogundua kwamba anacheka, akazima gari akalia kidogo. Bibi wote kule nyuma wakamwacha amalize. Kisha mama yake Nicodemo akauliza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Twende. Asali inasubiri."

Baadaye alisoma chuo cha udereva na kufanya mtihani wa leseni kama wengine. Askari aliyemjaribu alimuuliza amejifunza wapi kukata kona za namna ile. Akamjibu, msibani.

Nicodemo alilipa sehemu kwa fedha, sehemu kwa ndama jike mwenye mabaka meusi. Ndama huyo ndiye aliyemfikisha Efrazia kwenye kikao cha pili cha ukoo kwa namna ambayo Haydom bado inaisimulia.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Wazee walikuwa wameketi uani kwa Akonaay, na mnunuzi amepewa taarifa asubiri simu. Wakasikia muungurumo unapanda kilima ambacho madereva wengi hukiacha, hushuka na kutembea. Muungurumo haukusita. Land Cruiser likatokeza kwenye uwanja, likageuka, likaegeshwa likitazama lilikotoka. Breki ya mkono ikalia krrr. Efrazia akashuka.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wakaitikia, macho yakitafuta dereva.

"Shemeji, nani amekuleta?" aliuliza Akonaay.

"Nimejileta."

"Kwenye kilima hiki?"

"Hakikuniuliza leseni."

Akaenda nyuma, akafungua milango. Ndani, viti vimekunjwa, alisimama ndama akiwa amefungwa kamba, akitafuna, haoni tatizo lolote.

"Wazee wangu," alisema Efrazia, "mlisema gari liuzwe tununue ng'ombe. Ng'ombe huyu hapa. Na gari hili hapa."

Aliyeanza kucheka ni Akonaay mwenyewe. Alicheka akipiga paja, na wengine wakamfuata. Mzee mkubwa wa ukoo alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema muda wa nyumba ile kukaa kando umefika mwisho, yatosha, watu waingie na kutoka kama zamani. Akonaay akatoa simu, akasogea pembeni, akampigia mnunuzi wa Babati.

"Haliuzwi," alisikika akisema. "Ndiyo. Haliuzwi, bwana. Lina mwenyewe."

Kikao kilipovunjika alikuja hadi dirishani na kofia mkononi.

"Shemeji, naomba kiti cha mbele. Unishushe mjini."

"Unaenda kwa nani?" akamuuliza.

*

Tangu siku hiyo ubao upo: MARGWE – MAGARI YA KUKODI. Uliandikwa na Imakulata, ambaye sasa yuko chuoni Babati na hurudi likizo kusaidia mahesabu.

Wateja wa kwanza walikuwa Wabarbaig waliotumwa na Nicodemo. Waliofuata walikuwa watu wa misiba: ndugu waliompoteza mtu wao hospitali na kutaka kumrudisha nyumbani kwa heshima, bila kubembeleza malori. Halafu wagonjwa waliopona lakini hawakuweza basi. Halafu wataalamu wa miradi, wauza vitunguu, kwaya, na mwisho kabisa maharusi.

Alipoweka akiba ya kutosha akanunua Noah, na baadaye Hilux. Kisha akagundua kwamba Haydom ina magari mengi yanayolala. Juliana, muuguzi mstaafu, alikuwa na Noah iliyofunikwa turubai mwaka mzima. Efrazia akamwomba aikodishe, wagawane mapato, matengenezo madogo juu yake Efrazia. Leo watu watatu wamemkabidhi magari yao kwa utaratibu huo.

"Nilidhani ataniulia gari," anasema Juliana. "Sasa lina afya kuliko mimi."

Noah hukodishwa kwa shilingi laki moja kwa siku bila mafuta. Magari ya milimani ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na lazima yaende na dereva wake. Katika mwezi mzuri, baada ya bima, spea na mishahara, Efrazia hubaki na kama shilingi milioni mbili. Masika yakikolea, magari husimama na robo ya hiyo huwa shida kuipata. Aliwahi kurudishiwa gari tairi la akiba likiwa limebadilishwa na jingine lililolika hadi kipara. Aliwahi pia kurudishiwa gari lina mbuzi wa zawadi ndani.

Ana madereva wanne. Kabla ya kuwaajiri hawaulizi kwanza wanajua kukimbiza gari vipi. Huwapeleka barabarani, na katikati ya mwendo huwaambia ghafla, "Sijisikii vizuri." Anayeuliza "Tukuwahishe wapi?" huambiwa ajaribu mwaka ujao. Anayetoka barabarani, kusimama na kuvuta breki, hupata kazi.

"Kukimbiza gari mtu atajifunza tu," anasema. "Kusimama ndiyo kazi."

Si wote waliobadilika. Shangazi Marieta wa Gitting humletea wateja, na humpigia simu kila Krismasi, lakini hadi leo hajawahi kuweka mguu ndani ya Land Cruiser lile. Efrazia hamlaumu.

"Alinishika mkono siku ile mbele ya watu wote," anasema. "Kupanda au kutopanda ni juu yake."

Mpango wake sasa ni kufungua uwanja wa pili Katesh, ili watu wa Hanang wasimfuate Haydom. Kiwanja ameshakipata, bati ziko njiani, na Akonaay ndiye anayesimamia mafundi. Anataka pia gari moja jeupe la chini kwa ajili ya harusi za kwenye lami, kwa sababu vijana wameanza kudai.

Anapomaliza kueleza, Nikolausi anarudi kutoka wodini akimsukuma bibi yake kwenye kiti cha magurudumu. Efrazia anamwamkia bibi, anamshika kwapani, wanampandisha wote wawili, upande wa kushoto. Dereva anawasha Hilux. Efrazia anabaki getini hadi gari linapokata kona, kisha anarudi ndani kutazama mafuta ya Noah.

Land Cruiser la Wolfgang halipo uani. Limekodishwa na mradi wa visima huko Gehandu, na litarudi baada ya Pasaka.